Kipandio cha Kumi na Nne

Noreen ana daftari. Kila uwanja, alama juu ya kumi:
mandhari, soseji, vyoo, kelele,
umbali wa ukuta, haradali ni ya bure au ya kulipia.
Mimi sina daftari. Mimi ni fundi zege,
miaka thelathini na minane nimefanya kazi nimepiga magoti,
na magoti yangu huuona uwanja kabla ya macho.

Boston tulipata viti vya nyuma ya nguzo.
Alipanda mbele yangu, akainua mguu juu mahali pasipo kitu,
kisha akauona ukuta ule mrefu wa kijani
akanyamaza, kama aliyechelewa kanisani.
Mimi nilipewa nusu ya mrusha mpira:
bega, kiwiko, halafu chuma.
Mpira ulikuwa ukizaliwa nguzoni.
Nikaigonga kwa pete ya ndoa; ikajibu kwa sauti nzito.
"Ngapi, Baba?"
Nafasi ya magoti, sifuri.
Akaandika tisa.

Chicago, majani yameuparamia ukuta wa matofali.
Mpira ukazama humo, mlinzi akainua mikono yote miwili
kama dereva aliyesimamishwa na polisi,
na sheria ikasema: basi, vituo viwili, tuendelee.
Bibi mmoja, Ottilie, alitugawia karanga za maganda
huku akimsuta kila mchezaji kwa jina la utotoni.
Chini ya kiti chake kulikuwa na ufa.
Nikaupima kwa ukucha. Ufa mzee, umetulia,
umeshamaliza ugomvi wake na baridi.

Pittsburgh Noreen alitoa kumi, bila aibu:
ng'ambo ya ukuta kuna mto, juu ya mto daraja la manjano,
na jua la saa moja linalichovya lote.
Nikasema daraja ni la mji, si la uwanja.
Nguo ya kuazima haisitiri.
"Na ngazi je?"
Ngazi... nikakubali. Ngazi zimelala sawa
kama maji ndani ya bilauri.
Roho iliniuma kidogo. Ya ufundi, si ya ushabiki.

Halafu tukarudi kwetu, kando ya mto Maumee,
viti elfu nne, timu ya vijana wanaolipwa pesa ya viatu,
ubao wa matokeo wenye tatu isiyowaka.
Sehemu ya sita ni kazi ya mikono yangu.
Mwiko wa fundi una mwiko wake:
usiinue macho zege likiwa bichi.
Lakini redio ya lori ilikuwa wazi Agosti ile,
zamu ya kumi na moja, wawili wako vituoni,
na mtangazaji akaanza kupiga kelele kabla mpira haujatua.
Niliinua macho.
Kipandio cha kumi na nne kikakauka
kimezidi wenzake unene wa kidole.

Tukaketi hapo, tukawatazama.
Kila anayepanda hujikwaa kidogo, hakuna anayeanguka.
Bia humwagika kama tambiko.
Padri alijikwaa. Meya alijikwaa, akageuka kutafuta wa kumlaumu.
Muuza soseji peke yake hupita hapo bila kutazama.

"Alama ngapi, Baba?"
Weka kistari, nikamwambia. Nikamweleza yote,
redio, lori, kidole. Hakucheka.
Alifunga daftari juu ya kalamu.
"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

Zamu ya saba akaenda kununua haradali.
Nikamhesabia ngazi kutoka nyuma:
kumi na mbili, kumi na tatu,
mguu ukapanda juu, mwepesi, bila kufikiri,
mguu uleule, kimo kilekile,
alioupandisha Boston, na Chicago, na Pittsburgh,
juu ya zege la watu lililonyooka.